Siku Mgeni Alipokuwa na Maziwa

Nyuma ya soko la Bukoba, pale mafundi baiskeli wanapotandika magunia yao, kuna mlio ambao hunisimamisha hata nikiwa na haraka. Fundi akifungua valvu, upepo wa tairi hutoka wote kwa mkupuo mmoja mrefu, mzito, usio na hasira wala huruma. Watu wengine hupita zao. Mimi miguu hukataa. Juzi fundi mmoja aliniuliza kama nina baiskeli ya kutengeneza. Nikamwambia sina. Akaniuliza sasa nangoja nini. Nimehitimu chuo kikuu, nimesomea elimu ya wanyama, bado nangoja kupangiwa kazi, na mtu asiye na kazi hupata muda mwingi mno wa kusikiliza matairi.

Mlio ule niliujua kabla sijajua kusoma vizuri. Ulitoka gizani, ndani ya nyumba ya nyasi, na maana yake ilikuwa kwamba mtu amesogea karibu kuliko alivyoruhusiwa.

Mwaka ule mama alikuwa mgonjwa baada ya kujifungua, na baba, aliyekuwa mwalimu Ijuganyondo, alinipeleka Muleba kwa mama yake ili nyumba ipungue kelele. Bibi yangu, Ma Leokadia, alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bati, ikitazama njia ya kanisani, na ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria na kalenda ya misheni iliyokwisha muda wake. Ya pili ilikuwa nyuma, katikati ya kibanja, pale migomba ilipofungana hata mchana ukawa wa kijani. Hiyo ilikuwa mushonge, nyumba ya kale ya duara, nyasi tupu kuanzia kilele mpaka chini, kama mtu aliyejifunika blanketi asionekane uso. Katika nyumba ya bati tulilala sisi. Katika mushonge alilala Mgeni.

Mgeni alikuwa chatu. Lakini neno hilo halikutamkwa pale nyumbani. Walimwita Omugenyi, yaani mgeni, kwa sababu kiumbe wa namna ile ukimtaja kwa jina lake utakuwa umemwita, na ukishamwita lazima uwe na la kumwambia. Ukoo wa babu ulikuwa wa watunzaji wake tangu enzi za wafalme. Siku hizo mbuzi waliletwa kutoka ikulu, na mtunzaji alipewa kiti barazani. Uhuru ulipokuja, wafalme wakaondolewa, na mbuzi nao wakakoma kuja. Mgeni peke yake ndiye ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Babu alipokufa, kazi ikamwangukia bibi, mke aliyeolewa tu katika ukoo ule, mama Mkatoliki wa rozari na kitubio cha kila Jumamosi. Alimwambia nini padri ndani ya kile kisanduku, sijui. Ninachojua ni kwamba padri alipopita kubariki nyumba, aliinyunyizia mushonge maji ya baraka akiwa mbali, huku amegeuka kidogo, kama mtu anayemwagia maji mbwa asiyemwamini.

Mwanzoni niliogopa hata kupita upande ule. Bibi hakunibembeleza. Alinipa kazi tu, na kazi ikaila hofu kidogo kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria. Siku ya kumlisha, bibi alikamata kuku au sungura, akamfunga miguu, akamsukumia ndani kupitia mlango mdogo wa fito, kisha tukakaa nje tukichambua maharage, bila kusema, mpaka kimya cha ndani kibadilike. Kimya cha kungoja na kimya cha kumeza si kimoja. Sikio la mtoto hujifunza tofauti haraka. Baada ya kula Mgeni hakuguswa mpaka uvimbe wa tumboni uishe. Na siku nyingine zote, kabla ya kumgusa, tulinawa kwa majivu mpaka kwenye kiwiko. "Mkono unaonuka kuku ni kuku," bibi alikuwa akisema, na alininusa vidole mmoja mmoja kama mama anayemkagua mtoto kabla ya misa.

Kila mwezi mpya aliweka pia kibuyu cha maziwa mlangoni. Maziwa hayo yalinywewa na paka wa jirani. Bibi aliwaona, mimi niliwaona, na paka walijua tumewaona, lakini mila ilikuwa kuyaweka, si kuuliza yamekwenda wapi.

Alipokuwa mtulivu, bibi alimbeba. Hakumkamata, alimpitishia mikono chini ya mwili, mmoja karibu na shingo na mwingine katikati, akamwacha amwagike juu yake. Wakati wote huo alizungumza naye kwa sauti ya chini. Alimpa habari za kahawa, za mvua, za nani kaolewa. Alizungumza kwa Kihaya, Kihaya cha zamani, chenye heshima ndefu. Nilipomuuliza kama Mgeni anaelewa, alinitazama kwa mshangao. "Amezaliwa hapa," alisema. "Angeelewa lugha gani nyingine?"

Lakini kulikuwa na siku ambazo hata bibi hakuingia. Zilianza polepole. Rangi ya Mgeni ilififia, madoadoa yake yakawa kama yametiwa majivu, na tumbo likawa na wekundu hafifu, kama ufizi. Akakataa chakula. Kisha macho yake, ambayo kwa kawaida yalikuwa meusi na makavu, yalijaa utando mweupe wenye ubuluu, kama maziwa yaliyokamuliwa na kuachwa kwenye kibuyu. Hapo bibi alisema neno moja tu kwa Kihaya, "Amate," maziwa, na kila mtu wa nyumba ile alijua. Maana yake ilikuwa: haoni. Ana njaa lakini hataki kula, ngozi inamuuma, na kila kinachomgusa ni adui. Tusimguse, tusimlishe, tusipige kelele, hata kuni tusipasue karibu na mushonge.

Wakati huo tulifanya kazi ya nje tu. Tulilowesha vipande vya migomba iliyokatwa, tukavisukuma ndani kwa fito ndefu ili kuwe na unyevu, na bibi alihakikisha lile jiwe la kukwaruza lipo mahali pake. Siku kadhaa baadaye macho yalitakata. Ndipo Mgeni alipojivua gamba, akianzia midomoni, akilipindua lote nje ndani kama soksi. Tulilikuta asubuhi, jepesi, linanuka vumbi lililoloa. Bibi hakulifurahia kwanza. Alitafuta kichwa chake, akakiinua kwenye mwanga kutazama kama vile vioo viwili vya macho vimetoka pamoja nalo. Vikiwepo, alishusha pumzi na kupiga ishara ya msalaba. Ningetamani kuwaambia kwamba niliona ajabu katika hilo. Sikuona. Kwangu mimi kila nyumba ilikuwa na bibi, bibi alikuwa na msalaba, na nyuma kulikuwa na Mgeni.

Jambo la kutisha lenyewe aliniambia jirani yetu, Ta Felisiani, binamu wa babu, mzee mwenye jino moja la mbele na maneno mengi. Tulikuwa tukimenya ndizi. Nilimuuliza itakuwaje Mgeni akijikata siku moja, akitoka damu. Alisimamisha kisu.

"Akijikata mwenyewe, ni yake," alisema. "Lakini mtu wa nyumba hii akimwaga damu yake, hadaiwi mbuzi. Hadaiwi ng'ombe. Nyumba inadaiwa mtu."

"Mtu gani?"

"Yule ambaye damu ilimwagwa kwa ajili yake." Kisha akaona uso wangu, akacheka kwa lile jino lake moja. "Menya ndizi, Koku. Wewe bado ni mdogo, hujafikia kudaiwa."

Hayo aliyasema kama utani. Mimi niliyachukua yote, nikayalalia usiku mwingi, na nadhani tabia yangu ya kutafuna jambo moja mpaka liishe ladha ilianzia hapo.

Baba mdogo alirudi katikati ya kiangazi. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi, na jina lake la Kihaya lilikuwa Kamuhabwa, yaani aliyepewa, kwa sababu bibi alimzaa wakati watu wamekwisha kumkatia tamaa ya kuzaa tena. Alitoka kozi ya siasa Mwanza akiwa na shati la kijani la mikono mifupi, begi la turubai, na kauli mpya kwa kila kitu cha zamani. Alichaguliwa Katibu wa kijiji chetu cha ujamaa kabla vumbi la safari halijafutika viatuni. Nilimpenda sana. Alinibeba mabegani, alijua nyimbo, na alikuwa na hakika. Katika nyumba ya watu wanaonong'ona, mtu mwenye hakika ni kama dirisha lililofunguliwa.

Hakika yake ya kwanza ilikuwa lugha. Tangu siku ile, alisema, nyumbani mwa Katibu ni Kiswahili tu. Hatuwezi kujenga taifa kila mmoja akiwa amejifungia ndani ya lugha ya mama yake. Mama yake mwenyewe, ambaye Kiswahili chake kilitosha kununua chumvi na kuwafukuza watoto wa shule, alikaa mkekani akawa mwanafunzi wa kwanza wa kisomo.

"Mama, sema: mimi ninapika ndizi."

"Mimi iko pika ndizi."

"Ninapika."

"Kama unajua vizuri hivyo, kapike wewe," bibi alisema kwa Kihaya, na mimi nikacheka mpaka nikaangusha kikombe. Baba mdogo naye alicheka, lakini alitikisa kidole. "Kiswahili, Mama. Hata kunitukana, nitukane kwa Kiswahili."

Nilipojaribu kumtafsiria bibi, baba mdogo alinizuia. "Kila mtu ajisemee, Koku. Ukimbeba mtu mdomoni hatajifunza kutembea." Alilisema kwa upole. Alikuwa mpole kwa kila jambo, hata pale alipokuwa akibomoa.

Hakika yake ya pili ilikuwa mushonge. Kijiji kilihitaji mahali pa darasa la watu wazima, na pale katikati ya kibanja palikuwa pa nyoka. "Nchi huru haifugi nyoka," alimwambia Ta Felisiani mbele ya watu kilabuni.

"Mbona nchi huru inamwogopa kikongwe na nyoka wake?" Ta Felisiani alijibu, na watu wakagonga vibuyu vyao vya rubisi.

Baba mdogo hakuogopa. Hilo lazima niliseme kwa haki yake. Akiwa mvulana alimbeba Mgeni pamoja na babu, na alikumbuka mikono inavyopita. Alichotaka ni kumtoa kwa heshima, amweke kwenye tenga kubwa, ampeleke kwenye majani marefu ya rweya, kule nyikani ambako hakuna kibanja cha mtu, amwachie. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kukitazama kijiji. Angemtoa mbele yao, kwa mikono yake mwenyewe, ili watu waone kwamba mila huagwa tu, wala haimuui anayeiaga.

Bibi alikataa kwa namna yake, yaani bila kukataa. Leo hapana, alisema, ni Ijumaa. Leo hapana, mwezi ni mchanga. Leo hapana, kuku wanataga. Kila siku baba mdogo alicheka, akasema haya Mama, kesho. Nami nikajua, kwa ile akili ya watoto inayojua bila kupewa sababu, kwamba kesho zilikuwa zinakwisha.

Kisha Mgeni akafifia rangi. Bibi aliyaona macho yake asubuhi moja, kupitia ufa wa fito, akarudi jikoni ameshika kifua. "Amate," aliniambia. Wageni wa wilayani walikuwa wafike siku ile ile, baada ya chakula cha mchana.

Jua lilikuwa kali, lile jua jeupe linalotoka ziwani na kuyafanya majani ya mgomba yang'ae kama yamepakwa mafuta. Watu walijaa kibanjani mpaka tukapoteza upande wa njia. Wageni walikuwa watatu, wenye kalamu mifukoni, na mmoja alivaa viatu vyeupe ambavyo watoto wote tulivitazama kwa huruma. Baba mdogo alisimama mbele ya mlango wa mushonge, tenga miguuni pake, akatoa hotuba fupi. Nakumbuka shingo yake. Ilikuwa imelowa jasho, na kola ya lile shati la kijani ilikuwa imekunjwa upande mmoja, na nilitamani kwenda kuinyoosha.

Bibi alipenya katikati ya watu akamfikia. Alianza kwa Kihaya, haraka, chini chini, kwa sababu siku za maziwa hazipigwi kelele pale. Baba mdogo aliinua kiganja, akitabasamu, akiwatupia jicho wageni.

"Kwa Kiswahili, Mama. Tuonyeshe ulichojifunza."

Niliona midomo ya bibi ikitafuta. Alikuwa na neno, alikuwa nalo kamili, lakini lilikuwa upande wa pili wa mto. Akatafuta mti wa kuvukia, akaupata, akavuka kwa uangalifu mkubwa.

"Mgeni," alisema, "leo iko na maziwa."

Watu wachache wa nyuma walicheka, kwa jinsi alivyosimama kama mtoto wa shule. Baba mdogo hakucheka. Alifurahi. Uso wake wote ulifurahi.

"Ana maziwa," alimsahihisha. "Vizuri sana, Mama. Nimeelewa." Akawageukia wageni. "Mama anasema amekwisha mpa maziwa. Kwa hiyo ameshiba, ametulia."

Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili cha haraka cha ofisini, na bibi hakulishika. Alichoshika ni *nimeelewa*. Nilimwona akilegea mabega, akashusha pumzi, akarudi hatua moja, kama anavyofanya mtu aliyefikisha mzigo.

"Baba mdogo," nilisema, "bibi anasema macho—"

"Bibi amejisemea, Koku. Na amesema vizuri."

Akainama, akaingia.

Nimewahi kuhesabu kwa kichwa njia zote ambazo jambo lile lingeweza kuzuilika, na zote ni fupi. Lakini pale hapakuwa na aliyeona la kuzuia. Bibi alidhani mwanawe anaingia kusogeza fito tu, awaonyeshe wageni giza na kurudi nje. Mwanawe alidhani anaingia kwa nyoka aliyekula. Ndani ya mushonge hakuna mtu anayeona kitu akitoka kwenye jua lile. Kulikuwa na vipofu wawili mle ndani, na kila mmoja alinyoosha kichwa kumtafuta mwenzake.

Tulisikia mlio. Mrefu, mzito, upepo wote kwa mkupuo mmoja. Kisha kishindo, kama gunia la kahawa likianguka kutoka begani. Kisha baba mdogo akaita, na hakuita kwa lugha ya taifa.

"Maawe."

Ni jina ambalo kila mtoto wa Kihaya humwita mama yake. Hakuwa amelitamka tangu arudi.

Sitasimulia yote. Watu walikimbia kwa pande zote, na kiatu kimoja cheupe kilibaki kwenye jivu karibu na jiko letu na hakikuja kuulizwa kamwe. Ta Felisiani na wanaume wengine wawili waliivuta nyasi ya ukuta kwa mikono, mafungu kwa mafungu, mpaka mwanga ukaingia, na nikaona. Mgeni alikuwa amemshika begani kwa meno, na mwili wake ulimzunguka kifuani na shingoni. Kila baba mdogo alipotoa pumzi, ule mzunguko uliichukua nafasi hiyo na haukuirudisha. Macho ya Mgeni yalikuwa meupe kabisa. Hayakumtazama aliyemshika. Hayakutazama kitu.

Bibi alikuwa tayari ndani, amepiga magoti, mikono miwili kichwani pa Mgeni, akijaribu kulegeza taya. Wanaume walishika mkia wakaanza kuufungua mzunguko kutoka nyuma, kama inavyotakiwa. Ulifunguka kidogo, ukarudi. Uso wa baba mdogo ulikuwa umegeuka rangi ya biringanya. Ta Felisiani alikuwa na muhoro wake kiunoni, lile panga la kichwa kilichopinda la kupogolea migomba. Aliuchomoa. Lakini hakuunyanyua. Alikuwa mtu wa ukoo ule, alijua alichoniambia wakati tukimenya ndizi. Alisimama akimtazama bibi, akingoja mtu mwingine alibebe neno.

Bibi hakumtazama mwanawe. Alimtazama Mgeni, machoni, kwenye yale maziwa. Kisha akasema, kwa Kiswahili, wazi, bila kutafuta:

"Kata."

Ta Felisiani alikodoa macho, kana kwamba amesikia mtu mwingine akisema ndani ya mwili wa bibi. Hakusogea.

"Wewe," bibi alisema, tena kwa Kiswahili. "Kata. Kata haraka."

Akakata.

Baba mdogo hakufa. Alichukuliwa kwa lori la kahawa mpaka hospitali ya misheni, akakaa huko hadi mvua zikaanza, akarudi na mbavu zilizounga vibaya na mkono wa kushoto ambao haukunyooka tena. Mgeni alizikwa kibanjani, amefungwa katika kitambaa cha magome ya mti kama wanavyozikwa wazee. Bibi alifanya kila kitu mwenyewe. Hakulia mbele yangu. Mushonge haikujengwa upya, wala darasa halikujengwa pale, kwa sababu hakuna aliyekubali kulikalia eneo lile kusoma. Migomba ikaichukua sehemu ile, ikanenepa kuliko mingine yote, na ndizi zake bibi hakuzipika.

Jambo moja tu lilibadilika ambalo kila mtu aliliona. Bibi aliacha kumwita baba mdogo kwa jina lake. Alimwita Katibu. Karibu, Katibu. Katibu, kula. Na alizungumza naye kwa Kiswahili tu, kile Kiswahili chake cha iko na hapana.

Mambo yalikuwa yamegeuka kama soksi. Baba mdogo sasa alitaka Kihaya. Ukatibu aliuacha, wengine wanasema aliachishwa. Akawa mkulima wa kahawa kama wengine, mtu mtaratibu anayebeba ndoo kwa mkono mmoja. Jioni alikuja kumsalimu mama yake kwa salamu zote ndefu za Kihaya, akamwita Maawe, akakaa karibu na moto. Bibi alimjibu, "Mzuri, Katibu. Wewe iko mzima?" Watu walicheka pembeni. Walisema bibi anamlipizia, kwamba kisu alichokinoa mwenyewe ndicho kinachomkata. Hata baba yangu, alipotutembelea, aliona hivyo.

Siku moja nilikuwapo, msichana wa sekondari wakati huo, nimekuja likizo. Baba mdogo alishindwa kuvumilia.

"Maawe, yamekwisha," alisema. "Nilikosa. Nilishasema nilikosa. Niite jina langu hata mara moja."

Bibi alichochea moto. Jivu likapaa.

"Jina gani?" alisema kwa Kiswahili. "Wewe Katibu."

Baba mdogo aliinuka akaondoka. Bibi alimfuata kwa macho mpaka migomba ilipomfunika. Kisha, bila kunitazama, akanituma nikahakikishe kwamba amefika kwake salama. Alinituma hivyo kila jioni mwanawe alipokuja. Akikohoa, bibi aliamka. Akichelewa, bibi hakula. Nikiwa mtu wa kuwaza sana, niliwaza sana juu ya hilo, na bado nikakosea: nilidhani ni mama anayempenda mwanawe na hajui namna ya kumsamehe.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mpaka siku ya mwisho alimwita Katibu. Kaburini baba mdogo alilia kwa namna ambayo wanaume wa kwetu hawalii, akisema mama amekwenda na jina lake, hakumrudishia.

Wazo lilinijia baadaye, mahali pasipohusika, kwenye foleni ya chakula chuoni, nikiwa nimeshika sahani. Nyuma yangu wanafunzi wawili walikuwa wakicheka kuhusu majina ya kwao. Mmoja alisema amepewa jina linalomaanisha jalala, kwa sababu ndugu zake waliomtangulia walikufa wote, na wazazi walitaka kifo kikipita kisikie kwamba ndani hamna mtoto, kuna takataka tu. Nilisimama pale mpaka mpishi akaniuliza kama ninakula au sili.

Ta Felisiani hakujua Kiswahili zaidi ya bibi. Hakukuwa na mtu ndani ya mushonge siku ile aliyehitaji kuambiwa *kata* kwa Kiswahili. Kulikuwa na mmoja tu ambaye hakupaswa kulielewa. Bibi alikuwa amezungumza naye kwa Kihaya miaka yote, amempa habari za mvua na za ndoa, na alipolazimika kumuua alilitafuta neno ambalo hangelijua. Na deni lilipobaki limesimama nje ya nyumba, likimngoja yule ambaye damu ilimwagwa kwa ajili yake, bibi alimchukua Kamuhabwa wake, aliyepewa, akamwingiza ndani ya lugha ambayo mdai haijui, akafunga mlango. Kila *Katibu* lilikuwa komeo. Alimficha mpaka alipoishiwa pumzi.

Krismasi iliyopita nilikwenda Muleba kumwambia. Nilimkuta baba mdogo anaanika kahawa uani, akiisambaza kwa mkono wake mzima. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinisalimu kwa Kihaya, nami nikamjibu kwa Kihaya, tukaulizana habari za wote. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, kwa Kihaya, kwa sababu nilitaka yamfikie vizuri.

Mimi ni mtu aliyesomea wanyama. Najua nyoka hana masikio kama yetu, kwamba maneno ya binadamu kwake ni mtikisiko tu ardhini, na kwamba aliyezikwa chini ya migomba ile hana hata huo. Naweza kukuchorea fuvu lake na kutaja mifupa yote.

Nilikaa karibu naye. Nikatazama nyuma yangu, kule migomba ilikonenepa. Nikashusha sauti, nikamwambia kwa Kiswahili.